Siku sita na pikapu ya dizeli, Dar hadi Makete

Siku ya kwanza, Jumanne. Dar es Salaam, kilomita 298,412

"Mkanda huu bado mzima, dada. Kuutoa ni kutupa hela."

Fundi alikuwa ameukunja mkanda wa taiming kwa vidole. Akaniangalia mimi, kisha akamgeukia mjomba kana kwamba neno la mwisho litatoka kwake. Mjomba akajifanya hajasikia. Alikuwa amekaa juu ya ringi kuukuu pale mtaa wa Gerezani, anakunywa kahawa chungu kwa kikombe kidogo. Nikamwambia fundi autoe, aweke mpya pamoja na puli ya kukazia na sili za mbele. Mkanda wa taiming, unaofanya valvu zifunguke na kufunga kwa wakati wake, hauonyeshi uzee wake. Leo unauona mweusi na laini, kesho unakatika meno ukiwa kwenye mwendo wa 80, na kwenye injini kama hii valvu na pistoni hukutana palepale. Hapo huzungumzii tena mkanda, unazungumzia silinda hedi, kile kichwa cha injini chenye valvu.

Ukali wangu una historia. Hii Hilux ina taa kwenye dashibodi inayotakiwa kuwaka kila kilomita 100,000 kukumbusha mkanda. Nilipoinunua miaka miwili iliyopita haikuwaka, nikaona nimepata gari lililotunzwa. Mwaka mmoja baadaye fundi umeme wa kwetu alifungua dashibodi kutafuta tatizo lingine, akaniita nione: balbu ya taa ile haikuwepo. Kuna mtu aliichomoa. Kwa hiyo sikujua mkanda ule umetembea kiasi gani, na sikutaka kuupandisha mlima Kitonga na mzigo mgongoni ili nijue.

Injini yenyewe ni 3L: dizeli, silinda nne, sentimita za ujazo 2,779, haina tabo ya kuisukumia hewa wala kompyuta. Ni injini ya kizamani inayovumilia mengi, lakini haivumilii mambo mawili, joto na mafuta machafu. Pampu yake ya dizeli haina oili ya kuilainisha. Inalainishwa na dizeli hiyohiyo inayopita ndani yake kwenda kwenye nozeli zinazoipulizia silindani. Ukiipa maji au mafuta ya taa, unasugua chuma kwa chuma.

Vita ya pili ilikuwa ya themostati, kile kizibo kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. "Hii tunaitoa, dada. Dar joto, inachemshia watu magari." Magari mengi ya zamani mjini hayana themostati kwa sababu ya ushauri huo. Nikamwambia mimi siishi Dar, nalima mbegu za viazi Makete, ambako mwezi wa sita na wa saba umande huganda juu ya majani. Injini isiyo na themostati kule inapanda mlima mzima ikiwa vuguvugu. Dizeli haiungui vizuri, oili inachafuka upesi, na mafuta yanaliwa bure. Akaitumbukiza themostati kwenye sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa, tukasubiri wote watatu kama tunaopika yai. Maji yalipokaribia kuchemka ikafunguka. Akairudisha mahali pake. Tangu hapo akaacha kuniita dada, akaanza kuniita mama, nikajua tumeelewana.

Oili mpya 15W-40, lita sita kasoro. Filta ya oili. Filta ya dizeli moja ikafungwa, nyingine nikaisukuma chini ya kiti. Hewa: nilipiga filta mlangoni, vumbi la Makete likamwagika Gerezani.

Jioni tukajaza tenki. Kesho ni Jumatano ya kwanza ya mwezi, siku ambayo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei mpya za kikomo za mafuta, na mjomba alikuwa na hakika zitapanda. Mimi sikujaza kwa ajili ya bei. Nilitaka hesabu. Ninajaza mpaka bomba lijifunge lenyewe mara ya kwanza, naandika kilomita, na nikijaza tena kwa namna ileile lita zinazoingia ndizo zilizoliwa. Kabla mhudumu hajagusa chochote nasema "dizeli" kwa sauti, nasubiri aitikie "dizeli, mama", halafu natazama namba zianze kwenye sifuri. Watu huniona mshamba. Jirani yangu mmoja aliwekewa petroli kwenye gari la dizeli akawasha kabla ya kugundua. Angegundua kabla ya kuwasha, angemwaga tenki tu na kuendelea na safari. Aliuza ng'ombe.

Siku ya pili, Jumatano. Dar hadi Mikumi

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Nyuma: mabunda ya magunia matupu ya viazi, bomba nne za kupulizia dawa, mabati, na godoro la mama. Haifiki tani, lakini Hilux ilikuwa imekaa chini kwenye springi zake.

Mjomba aliendesha malori barabara ya Zambia miaka mingi kabla hajastaafu. Ni kaka yake mama, na alikuja Dar kutibiwa macho, kwa hiyo safari hii usukani ni wangu na yeye ni abiria. Hilo ni jambo gumu kwake. Mguu wake wa kulia unakanyaga breki isiyokuwepo tangu Kibaha.

Mlandizi, Chalinze, vibao vya 50 na afande mwenye tochi ya kupimia mwendo nyuma ya mwembe. Hakuna la kuandika. Sindano ya joto ilikaa katikati ilipotakiwa kukaa, themostati ile.

Morogoro nilitaka kuongeza mafuta kwenye sheli ninayoiamini, lakini foleni ilikuwa ndefu mpaka barabarani. Nikapita. Nililipia uamuzi huu kesho yake.

Baada ya Morogoro mjomba akaanza kuzungumza. Akaninyooshea kidole vichakani: "Huko chini kuna mafuta yanatembea." Alikuwa anasema bomba la TAZAMA, linalotoka Dar mpaka Ndola, Zambia, kilomita zipatazo 1,710. Lilianza kazi mwaka 1968, baada ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, kujitangazia uhuru wake mwaka 1965 na Zambia kukosa njia ya kusini. Kabla ya bomba, mafuta ya Zambia yalipita barabara hii kwenye mapipa, ikiwa bado vumbi na tope. Miaka mingi bomba lilibeba mafuta ghafi; tangu 2023 linabeba dizeli iliyokwisha safishwa. "Na bado malori yamejaa," mjomba akasema, tukiwa nyuma ya tenka la tano mfululizo.

Hifadhi ya Mikumi tuliipita kabla jua halijazama. Barabara inakata mbuga kwa kilomita 50, na vibao vinakutajia faini ya kila mnyama utakayemgonga. Twiga watatu, swala wasiohesabika, tembo mmoja aliyetugeuzia mgongo. Mjomba hakuwatazama, alikuwa anasikiliza injini. "Nozeli ya tatu inagonga kidogo," akasema. Mimi sikusikia kitu.

Tulilala Mikumi mjini. Kabla ya kulala nilifungua boneti: maji, oili, mkanda wa feni, chini ya gari hakuna tone.

Siku ya tatu, Alhamisi. Kitonga

Nina sheria yangu: sindano ya mafuta haishuki chini ya nusu. Tenki likikaa tupu usiku wa baridi, unyevu wa hewa iliyo ndani yake unaganda ukutani na kuwa maji, na maji ni mazito kuliko dizeli, yanakaa chini pale mrija unapovuta. Sheria nzuri. Asubuhi hiyo sindano ilikuwa imegusa nusu, na mbele ya Mikumi nikaona sheli ndogo yenye pampu mbili, nikaingia.

Pembeni kulikuwa na tenka linashusha mafuta kwenye tenki la ardhini. Nililiona. Nataka niandike hivyo, kwamba nililiona. Wakati mafuta mapya yanamiminika mle chini, uchafu na maji yaliyotulia miezi yote yanakorogwa, na pampu inakuuzia mkorogo ule. Kila dereva wa dizeli anajua kwamba usinunue mafuta sheli inaposhushiwa. Lakini nilikuwa na haraka ya kupanda Kitonga kabla malori hayajajaa, na nilikuwa na sheria yangu ya nusu tenki. Kilomita 318, lita 31, kilomita kumi na kidogo kwa lita. Nikaandika kwenye daftari, nikafurahi na hesabu.

Mjomba alinyamaza.

Ruaha Mbuyuni kuna mibuyu na vitunguu, joto limekaa bondeni kama ndani ya chungu. Hapo ndipo injini inapoingia mlimani ikiwa tayari imepata moto, na ndiyo maana Kitonga inachemsha magari. Nilizima redio. Namba tatu, kisha namba mbili, mzunguko wa injini ukiwa juu kidogo ili feni na pampu ya maji zifanye kazi. Kung'ang'ania gia kubwa huku injini inatetemeka ndiko kunakopasua silinda hedi za injini hizi. Sindano ya joto ilipanda kidogo, ikasimama. Upande wa pili malori yalikuwa yanashuka kwa gia ndogo, na moja lilipita likinuka breki zilizoungua.

Kwenye kona ya tatu au ya nne nikakanyaga mafuta na gari halikujibu.

Halikuzima. Lilipungua tu, kama mtu anayepanda ngazi akaishiwa pumzi, likarudi, likapungua tena. Nikatazama kioo cha pembeni. Kama ingekuwa hewa haitoshi, filta ya hewa imeziba, ningeona moshi mweusi. Kama maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda, moshi mweupe wenye harufu tamu. Kama ni oili inaungua, bluu. Hapakuwa na moshi wowote. Injini ya dizeli isiyo na nguvu na isiyotoa moshi ina njaa, mafuta hayaifikii. Wakati nawaza hivyo taa ya njano ya filta ikawaka kwenye dashibodi, ile yenye boya chini yake linaloelea maji yakikusanyika. Balbu ya taa hii, namshukuru Mungu, hakuna aliyeichomoa.

Nilifika kwenye upana wa barabara kwa namba moja. Mjomba alishuka kabla gari halijasimama vizuri, mzee wa miaka sabini na kitu, akachukua jiwe kubwa akalitia nyuma ya tairi, akakata matawi akayapanga barabarani nyuma yetu, mbali kabisa, mpaka kwenye kona, ndipo nilipoweka pembetatu yangu. "Pembetatu anaiona mwenye macho," akasema. "Matawi anayaona hata aliyesinzia."

Chini ya filta kuna kifungo cha plastiki. Ukikilegeza na kusukuma pampu ya mkono iliyo juu, kilicho chini kinatoka. Nilikata chupa ya maji ya kunywa nikakinga. Kwanza yakatoka maji matupu, ya rangi ya kutu. Kisha dizeli yenye mawingu. Nikaiweka chupa juu ya bampa ikatulia: chini maji, juu dizeli, katikati utando mweusi wa vipande kama majani ya chai. Nikamwonyesha mjomba.

"Uliliona lile tenka?" akauliza.

"Nililiona."

"Nikadhani hukuliona, nikasema nikikwambia utaona nakuingilia. Kumbe uliliona." Akacheka mpaka akakohoa. "Nusu tenki ingekufikisha Iringa, mwanangu, na ingebaki."

Kweli ingenifikisha. Kutoka pale Mikumi hadi Iringa ni chini ya kilomita 200, na nilikuwa na lita zaidi ya 30 za mafuta safi ya Dar. Nilizichafua mwenyewe kwa kutii sheria yangu.

Filta ile ilikuwa na siku mbili tu, lakini vipande vile vilikuwa vimeshaingia kwenye karatasi yake. Nikatoa nyingine chini ya kiti. Kwenye Hilux hizi, ile sensa ya maji iliyo chini haiji na filta mpya. Unaifungua ya zamani unaihamishia. Nikahamisha, nikapaka dizeli kwenye raba kubwa ya juu, nikafunga kwa mkono, nikaanza kusukuma pampu. Pampu ya mkono ikishavuta mafuta na hewa kwisha, inakuwa ngumu chini ya kiganja. Nilisukuma mara hamsini, mia, haikuwa ngumu. Kiganja kikachubuka. Malori yanapita, upepo wake unatikisa boneti.

Hewa ilikuwa inaingia mahali. Nikahesabu nilichogusa: raba kubwa ya juu, sensa ya chini. Nikaifungua sensa. Raba yake ndogo, nyembamba kama pete ya mtoto, ilikuwa imejikunja upande mmoja wakati naikaza kwa haraka. Nikaifuta, nikaipaka dizeli, nikailaza vizuri, nikafunga polepole. Mara ya ishirini na kitu pampu ikaanza kukataa kiganja.

Gari halikuwaka mara moja. Nikalegeza nati mbili za mabomba kwenye nozeli, mjomba akapiga starta kwa sekunde kumi, akapumzika, akapiga tena, maana starta nayo inaungua ukiing'ang'ania. Likatoka povu, kisha dizeli safi isiyo na povu. Nikakaza nati. Akapiga tena. Ikawaka kwa kukohoa, moshi mweupe, silinda mbili, tatu, halafu zote nne, na ule mlio wake wa kusaga mahindi ukarudi. Sijawahi kuusikia ni mzuri namna ile.

Tulikusanya matawi. Mjomba alitaka kuliacha jiwe, kama wanavyoyaacha madereva wengi, na wengi hufa kwa mawe hayo usiku. Nikamwambia halibaki barabarani. Akalibeba bila neno akalitupa nyuma ya pikapu, juu ya godoro la mama.

Kutoka pale hadi Iringa nilisimama mara tatu kumwaga maji ya filta. Ilula watoto wa nyanya walinizunguka wakidhani nanunua. Tulifika tumenyong'onyea, kilomita 298,917.

Siku ya nne, Ijumaa. Iringa

Siku ya gereji. Tenki lina bolti chini. Tulilifungua tukakinga kwenye beseni. Lita moja ya kwanza ilikuwa aibu, maji na matope ya kutu. Kisha ikaja dizeli ya mawingu, na mwisho safi. Fundi, kijana mpole aliyetusalimia "kamwene" kabla hajauliza tatizo, aliniambia wiki ile sisi si wa kwanza.

Hapo likazuka neno "kuchakachua," na kila aliyekuwepo akawa na kisa. Vijana hawakumbuki kwamba neno hilo lilishika kasi mitaani kwa sababu ya mafuta, miaka mafuta ya taa yalipokuwa na bei ya chini sana kuliko dizeli na watu wakayachanganya. Serikali ikaanza kutia kiashiria maalumu kwenye mafuta ya soko la ndani mwaka 2010, na mwaka uliofuata ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iishe. Lakini nilichowekewa mimi hakikuwa cha kuchakachua. Kilikuwa tenki la ardhini lisilosafishwa na mama mwenye haraka.

Mjomba alitaka tuyaache mafuta yatulie kwenye dumu usiku kucha, asubuhi tuchuje kwa kitambaa turudishe. Nikakataa. Tukampa fundi aoshee vyuma. Mjomba alinuna mpaka chakula cha mchana. Kwa mtu wa rika lake kumwaga dizeli ni kama kumwaga maziwa.

Nikanunua filta tatu. Nikajaza tenki kwenye sheli kubwa yenye malori mengi, maana panapouzwa sana mafuta hayakai. Nikalala saa mbili usiku.

Siku ya tano, Jumamosi. Iringa hadi Njombe

Ifunda, Mafinga, misonobari ya Sao Hill pande zote, malori ya mbao. Makambako upepo kama kawaida yake, tukakata kushoto.

Huku juu gari linapungua nguvu na hakuna aliyeliharibu. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo inavuta hewa kama ilivyo. Kwa kila mita 300 unazopanda unapoteza kama asilimia tatu ya nguvu. Pampu haijui; inaendelea kumwaga dizeli kipimo cha Dar, na ziada inatoka kama moshi mweusi kwenye bomba. Kuna mafundi huku wanaoongeza skrubu ya pampu ukiwalalamikia nguvu. Nguvu inakuja kidogo, moshi unakuja mwingi, na joto ndani ya silinda linapanda. Mimi nashusha gia.

Kilomita 228 kutoka Iringa, lita 25. Kilomita tisa kwa lita. Milima na mzigo, sina ugomvi na namba hiyo. Bei kwenye kibao ilikuwa juu kuliko ya Dar, na ndivyo inavyokuwa kila unapoiacha bandari mgongoni. EWURA huweka kikomo cha kila mji kwa kuhesabu na usafiri.

Safari hii nilimwomba mhudumu anitilie kwanza kidogo kwenye chupa ya kioo niliyoinunua Iringa yenye jamu, jamu tukaila njiani. Nikaiinua kwenye mwanga wa taa. Angavu, rangi ya chai ya rangi nyepesi, hakuna kitu chini. Dada wa pampu akauliza, "Mama unapima malaria?" Mjomba akacheka tena kicheko kile cha Kitonga.

Siku ya sita, Jumapili. Njombe hadi Makete, kilomita 299,145

Baridi. Kioo cha mbele kina ukungu ndani na nje. Nikageuza funguo, nikasubiri taa ya plagi za kupasha moto izime, nikapiga starta. Starta inazunguka vizuri, betri ina nguvu, injini haiwaki, moshi mweupe unatoka bombani wenye harufu ya dizeli mbichi inayochoma macho.

Kwa hofu ya Alhamisi, wazo la kwanza likawa mafuta. Lakini moshi ule ulisema mafuta yanafika. Yanafika na hayaungui. Dizeli haina cheche. Hewa inabanwa mara 22 mpaka inapata moto wa kuwasha mafuta, na asubuhi ya namna hii chuma baridi kinakula joto lote. Ndiyo kazi ya zile plagi nne. Dar huwezi kujua zimekufa, gari linawaka bila hizo.

Nilitoa ukanda wa chuma unaoziunganisha. Taa ndogo ya kupimia, waya mmoja kwenye chanya ya betri, ncha nyingine kwenye kichwa cha plagi: ikiwaka, plagi nzima. Ya kwanza ikawaka. Ya pili giza. Ya tatu giza. Ya nne ikawaka. Mjomba alikuwa amejifunga khanga ya mwenye nyumba ya wageni mabegani. "Nilikwambia ya tatu inagonga," akasema. Alisema nozeli, lakini sikumkumbusha.

Jumapili, maduka ya spea yamefungwa mpaka ibada iishe. Tulikunywa chai ya maziwa, tukala viazi vya kwetu vilivyokaangwa na mtu mwingine kwa bei ya ajabu. Saa sita tukapata plagi mbili, nikazifunga kwa mkono kwanza ili nyuzi zisijipinde, halafu kwa spana, bila kukaza sana, maana plagi ikikatikia ndani ya hedi umeshaanza habari nyingine. Funguo, taa, starta. Ikashika kabla sijahesabu mbili.

Njombe hadi Makete ni lami sasa, kona na mabonde, ukungu unapanda kutoka chini kama moshi wa jikoni. Tulipita wanawake wanarudi kanisani na mbeleko za blanketi. Nilimwachia mjomba usukani kilomita kumi za mwisho. Macho yake yamepona vya kutosha, na njia ile anaijua kwa makalio. Mara mbili alibadilisha gia bila kukanyaga klachi, kunionyesha.

Nyumbani mama alitoka kupokea, akamwamkia kaka yake, kisha akazunguka nyuma ya gari kutafuta godoro lake.

"Hili jiwe la nini?"

Hakuna aliyemjibu. Mjomba alikuwa anarudisha gari nyuma, anaenda mbele, anarudi tena, mpaka alipoliegesha juu ya mteremko wa ua, pua ikitazama barabarani, ili kesho plagi zikigoma tulisukume liwake. Akavuta breki ya mkono. Hakuiamini. Akashuka, akaliondoa jiwe la Kitonga juu ya godoro, akalisukumia mbele ya tairi kwa mguu.

Kilomita 299,257. Nikafungua kifungo cha filta nikakinga chupa ya jamu. Dizeli tupu.